Mpinzani akiona anashindwa, anaacha saa itembee: nifanye nini?

"Habari mwalimu. Nacheza sataranji kwenye simu kila jioni nikitoka kazini, mechi za dakika 10 kwa kila mchezaji, bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua. Kiwango changu ni kama 1150. Tatizo langu si kushindwa, ni kushinda. Nikishakula malkia wa mtu, basi ama anaacha kusogeza na kuniacha nitazame saa yake dakika sita nzima, ama anatoweka, ama ananiandikia matusi na kusema natumia kompyuta. Juzi mmoja aliganda hivyo, nikaenda kupakua chakula, kurudi nakuta mimi ndiye nimeshindwa kwa muda. Wengine wamebaki na mfalme peke yake na bado hawakubali yaishe. Nawaripoti wote lakini sioni mabadiliko. Kijana wangu wa miaka 11 naye ameanza kucheza, na sitaki akutane na lugha hizo. Hawa watu wanaruhusiwa? Na mimi nifanye nini?"

Pole ndugu, hasa kwa ile mechi ya chakula. Hiyo haikuwa bahati mbaya, ni mbinu, na nitaieleza hapa chini kwa sababu ina dawa. Ila kwanza tuwatenganishe watu uliowatia kwenye kapu moja. Wako anayeganda kwa makusudi, anayetoweka, anayetukana, na anayekataa kusalimu amri. Anayeganda na anayetukana wanakosea. Anayetoweka, inategemea. Huyo wa mwisho hana kosa lolote, na ndiye nitakayeanza naye, maana kwake unajiumiza bure.

Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinasema kwenye kifungu cha 5.1.2 kwamba mchezo umekwisha mchezaji anapotangaza kuwa amesalimu amri. Ni ruhusa tu. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kusalimu amri, hata akibaki na mfalme peke yake mbele ya malkia wawili. Wachezaji wakubwa husalimu amri mapema kwa sababu wanajua mpinzani wao hatakosea kumaliza. Kwenye kiwango cha 1150 hakuna anayeweza kuapa hivyo, na mpinzani wako analijua hilo vizuri kuliko unavyodhani. Anasubiri moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ni sare ya mkwamo: mfalme wake hajashambuliwa, lakini hana pa kukanyaga na hana kete nyingine ya kusogeza. Hapo mchezo ni sare papo hapo, hata uwe na jeshi zima ubaoni. Inayowanasa wengi ni hii: mfalme wake yuko h8, pale konani (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo), wewe unaweka malkia g6. Tazama vizuri. G8 imefungwa, g7 imefungwa, h7 imefungwa, na h8 yenyewe haijaguswa. Sare. Malkia akikaa umbali wa hatua moja ya farasi (miraba miwili mbele na mmoja pembeni) kutoka kwa mfalme aliye konani, na mfalme huyo hana kete nyingine ya kusogeza, umempa nusu pointi mkononi.

La pili ni saa yako. Kifungu cha 6.9 kinasema muda wako ukiisha umeshindwa, isipokuwa pale mpinzani asipoweza kukupiga mati, yaani kumshambulia mfalme wako asiwe na pa kuokokea, kwa mfululizo wowote wa hatua halali. Hapo inakuwa sare. Kwa hiyo ukiwa na malkia na ngome mbili, yeye ana mfalme pekee, na saa yako ikagonga sifuri, hujashinda. Akiwa bado na askari mmoja, basi umeshindwa kabisa. Sasa niambie, mtu mwenye nafasi mbili kama hizo anawezaje kuitwa mkorofi kwa sababu hajasalimu amri?

Dawa yake ni kujua kumaliza. Mfalme na malkia dhidi ya mfalme pekee huhitaji hatua zisizozidi 10 kwa uchezaji sahihi. Mfalme na ngome, zisizozidi 16. Hapo hakuna kipaji, ni mazoezi. Kwa malkia fanya hivi: mweke umbali wa hatua ya farasi kutoka kwa mfalme wake, kisha kila anapopiga hatua, malkia wako amwige kuelekea upande uleule. Atasukumwa hadi ukingoni. Akikaribia kona, acha kumwiga. Tuseme amefika h8 na malkia wako yuko e7: sasa hana kingine ila kwenda g8 na kurudi h8. Mwache acheze huko, wewe mlete mfalme wako pole pole hadi g6. Kisha malkia g7, na hiyo ni mati, awe yuko h8 au g8. Fungua ubao wa mazoezi wa programu unayotumia, panga kete hizo tu, icheze mara 20 dhidi ya kompyuta mpaka uweze kuimaliza ndani ya sekunde 30. Ukifika hapo, asiyesalimu amri hatakuudhi tena. Atakuwa anakupa mazoezi ya bure.

Sasa tuje kwa anayeganda. Hapa una haki ya kukasirika, lakini lazima uelewe kinachofanyika nyuma ya pazia. Dakika zilizo kwenye saa yake ni zake. Anaweza kuzitumia zote kuwaza hatua moja, na hakuna mwamuzi wa kumuuliza anawaza nini. Kwenye mashindano ya ana kwa ana kifungu cha 11.5 kinakataza kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote ile, na mchezaji anaweza kusimamisha saa na kumwita mwamuzi. Mtandaoni nafasi ya mwamuzi huyo imechukuliwa na programu, na programu haisomi nia. Inasoma mienendo: muda kiasi gani ulibaki mtu alipoacha kusogeza, je alikuwa kwenye hali mbaya, je ukimya uliishia kwenye hatua au kwenye muda kuisha, na je amefanya hivyo mechi ngapi za karibuni. Mechi moja haitoshi, kwa sababu mechi moja inaweza kuwa mtoto analia au mgeni amebisha hodi.

Ndiyo maana unaripoti na huoni kitu. Kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, kwa mfano, anayerudia tabia ya kuganda au kukimbia mechi hufungiwa kucheza kwa muda, na kifungo hicho hurefuka kadiri anavyorudia. Yeye anakiona kwenye skrini yake, wewe huoni. Chess.com, tovuti nyingine kama hiyo, nayo hutoa maonyo na kuwawekea vizuizi wanaozoea. Kwa hiyo ripoti yako haiendi kapuni, inaongeza mstari kwenye rekodi. Ila usiripoti kila aliyewaza dakika mbili. Ripoti yule ambaye hali yake ilishakufa, aliyekuwa akisogeza haraka hadi hapo, kisha akanyamaza ghafla hadi saa ikaisha au hadi sekunde za mwisho. Ukiripoti kila mtu unajichosha mwenyewe.

Kwa nini mtu agande kama anajua ameshindwa? Wapo wanaotaka tu kukuadhibu kwa kukuchelewesha. Lakini wajanja wao wana hesabu, na ndiyo iliyokupata. Tuseme saa yako ina 4:10 na yake ina 6:20. Anakunja mikono. Dakika ya kwanza unatazama, ya pili unanung'unika, ya tatu unakumbuka sufuria jikoni. Anasubiri mpaka saa yake ibaki sekunde 12, ndipo anasogeza kete yoyote. Sasa inayotembea ni saa yako, na wewe uko jikoni unapakua. Dakika nne na sekunde kumi zinatosha kupakua, kula tonge mbili na kujibu simu. Sekunde 12 zake hakuzihitaji tena.

Hivyo kanuni ya kwanza: usiondoke. Na kwenye simu, "kuondoka" si kutoka chumbani tu. Ukihama kwenda WhatsApp, programu ya mchezo inaingia nyuma, na simu nyingi hukata muunganisho wa programu iliyo nyuma ili kuokoa betri. Mlio wa kukuarifu kwamba amesogeza huenda usiupate, na kwake utaonekana wewe ndiye uliyekimbia. Kwa hiyo acha ubao wazi, ongeza sauti ya hatua, ongeza muda wa skrini kujizima. Kama lazima uinuke, tembea na simu ikiwa wazi mkononi.

Muda huo utumie. Kadiria hatua zake mbili au tatu zinazowezekana zaidi na uwe na jibu la kila moja. Tafuta njia fupi ya mati. Kitu kimoja usifanye: usipange hatua kabla hajasogeza, kile kipengele kinachocheza kwa niaba yako papo hapo. Aliyeganda dakika sita hurudi na hatua ya ajabu, na malkia wako uliyempangia safari anaweza kutua mahali anapoliwa na ngome yake, au pale kwenye g6 tulipopaona.

Kanuni ya pili ni kuchagua saa kwa akili. Ukubwa wa usumbufu anaoweza kukupa ni muda aliobaki nao, basi. Kwenye dakika 10 bila nyongeza, mtu aliyecheza hatua 15 za haraka akapoteza malkia anaweza kukushika dakika saba au nane. Ukicheza dakika 5 na nyongeza ya sekunde 3, mechi ya hatua 40 inampa kila mmoja dakika 7 kwa jumla, lakini kwa wakati wowote mmoja huwa na dakika chache tu mfukoni. Dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 hupunguza zaidi. Na nyongeza ina faida nyingine kubwa kwako: ukishajua ile mati ya malkia, sekunde 2 au 3 kwa kila hatua zinatosha kuimaliza hata saa ikiwa imekaribia sifuri. Dakika 10 bila nyongeza ni saa mbaya kwa mtu mwenye malalamiko kama yako. Sijui kwa nini inapendwa hivyo.

Lakini niseme na upande wa pili. Kama lengo lako ni kupanda kutoka 1150, saa ndefu inafundisha zaidi. Dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 inakupa nafasi ya kuangalia kila hatua kama inaacha kete bila ulinzi, na kwenye kiwango chako huko ndiko mechi nyingi zinakopotea. Gharama yake ni kwamba atakayeganda atakushika kwa muda mrefu zaidi, na mechi moja inaweza kukula dakika 40. Kwa jioni za siku za kazi ningecheza 5 na 3. Jumamosi, 15 na 10.

Anayetoweka ni kesi nyingine. Saa ya mchezo haiko kwenye simu yako wala yake, iko kwenye seva, nayo inaendelea kutembea hata mtandao wa mtu ukikatika. Kwa wachezaji wa kwetu sababu za kukatika ni nyingi na hazina dharau ndani yake: bando limeisha katikati ya mechi, umeme umekatika na kipanga njia kimezimika, au mtu amepigiwa simu na programu ikasukumwa nyuma. Upande wako huonyesha hili kwa alama: karibu na jina lake kuna kidoto au alama ya mtandao inayobadilika rangi au kuzimika akitoka. Alama ikiwa hai na saa inatembea, yupo, amekaa. Ikiwa imezimika, hayupo. Nayo programu humpa muda wa kurudi. Kwenye Lichess baada ya muda huo unapata vitufe viwili, kudai ushindi au kukubali sare. Soma vizuri kabla ya kubonyeza, maana mtu mwenye haraka huibonyeza sare akiwa mbele kwa malkia. Kwenye Chess.com hesabu ya kurudi nyuma ikiisha, mechi humalizika yenyewe kwa hasara ya aliyetoka. Mara nyingi yote haya huchukua muda mfupi kuliko kusubiri saa yake iishe, kwa hiyo anayekimbia kwa hasira anakuchelewesha kidogo kuliko anayeganda.

Na ujilinde usije ukahesabiwa wewe kuwa mkimbizi. Kabla ya mechi angalia salio la bando, zima upakuaji wa kujiendesha, na washa hali ya kutosumbuliwa ili simu zinazoingia zisifunike ubao. Programu haijui kwamba ilikuwa Tanesco.

Matusi ni rahisi kuliko yote, ajabu ni kwamba ndiyo yanayowachosha watu zaidi. Programu zote kubwa zina mahali pa kuzima kuchati: kwenye mipangilio ya jumla, au kwa kitufe kidogo kilicho juu ya kisanduku cha maandishi ndani ya mechi. Zima leo. Mchezo hauhitaji neno hata moja ili uchezwe. Lichess ina pia hali ya utulivu inayoficha hata majina na viwango, na Chess.com ina inayofanana nayo inayobakiza ubao bila mapambo. Kama tusi limeshakufikia, fuata mpangilio huu: usijibu, ripoti kutoka kwenye mechi hiyohiyo ili maandishi yaambatane nayo, ndipo umzuie. Kutojibu kuna sababu ya kiufundi: anayekagua ripoti anasoma mazungumzo yote, na ukiwa nawe umerudisha tusi, kesi moja imekuwa mbili.

Maombi ya sare yanayorudiwarudiwa nayo yako kwenye kundi hili. Kifungu kile cha 11.5 kinayataja wazi: kuomba sare kusiko na msingi ni kumsumbua mpinzani. Usibonyeze chochote. Ukisogeza kete yako umeshakataa. Washa pia ile mipangilio inayokuuliza uthibitishe kabla ya kukubali sare au kusalimu amri, maana vidole kwenye skrini ndogo huteleza.

Tuhuma ya kutumia kompyuta inahitaji maneno machache zaidi. Aliyepigwa anafungua uchambuzi, anaona usahihi wako ni asilimia 92, anaamini amekukamata. Kipimo hicho hudanganya kwenye mechi fupi. Mpinzani akiacha malkia bure kwenye hatua ya 12, hatua zako zinazofuata karibu zote ni nzuri, kwa hiyo asilimia inapanda bila wewe kuwa bingwa. Mifumo inayotafuta wadanganyifu haiamui kwa mechi moja. Inalinganisha hatua na chaguo za injini, yaani programu za kompyuta zinazocheza sataranji, kwenye mechi nyingi, inatazama muda unaotumia kwa hatua rahisi na ngumu, maana binadamu hachukui sekunde sita zilezile kwa kila kitu, na inatazama historia ya kiwango chako. Ripoti ya mtu mmoja mwenye hasira haikufungii akaunti. Kama hutumii msaada, huna cha kufanya na huna cha kueleza. Nawe ukimshuku mtu, ripoti kimya kimya, usimwambie. Akithibitishwa, Lichess na Chess.com hurudisha pointi kwa waliopigwa naye karibuni.

Na usidhani tuhuma hizi ni za watu wa 1150 tu. Septemba 2022 mjini Saint Louis, Marekani, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, alipigwa na Hans Niemann kwenye Sinquefield Cup, kesho yake akajitoa kwenye mashindano. Wiki mbili baadaye walipokutana mtandaoni, alicheza hatua moja akasalimu amri. Baadaye mwezi huo alisema waziwazi kwamba anaamini Niemann amedanganya zaidi ya alivyokiri. Niemann alikuwa amekubali kwamba aliwahi kudanganya mtandaoni akiwa mdogo, akakana kufanya hivyo mbele ya ubao. Mwishoni mwa 2023 kamati ya maadili ya FIDE ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu inayokubalika. Huyo ni mtu aliyekuwa ameshika namba moja duniani zaidi ya miaka kumi.

Kwa nini sataranji inaumiza hivi? Kwa sababu haina dadu, haina karata mbaya, haina refa wala mchezaji mwenzako wa kumtupia lawama. Kila kosa ni lako na liko wazi kwenye orodha ya hatua. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya ukubwa uleule inavyomfurahisha. Pointi nane zikishuka zinaumiza kuliko nane zikipanda, ingawa kesho zinarudi. Ongeza uchovu wa usiku, mechi ya saba mfululizo, na jina la bandia. Kwenye bao la barazani anayepindua ubao kwa hasira atasikia habari zake mpaka msikitini. Watazamaji ndio adabu yenyewe. Mtandaoni hakuna baraza. Aliyeganda mbele yako huenda ni mtu mwenye heshima zake kabisa mchana.

Kumbuka pia hesabu inavyokaa. Programu inakupa watu wa kiwango chako, kwa hiyo kila mmoja wenu anapoteza karibu nusu ya mechi zake, na hata ukipewa mtu aliye chini yako kwa pointi 200, kwa kanuni ya Elo, hesabu ya viwango vya wachezaji, bado unatarajiwa kuondoka na takriban 76 tu kati ya pointi 100. Walio wengi wanapigwa, wanabonyeza mechi mpya, unawasahau. Chukua daftari, andika mechi 30 zijazo: alisalimu amri, alipigwa mati, muda uliisha akiwa anacheza, aliganda, alitoweka, alitukana. Namba yako mwenyewe itakuambia ukubwa wa tatizo kuliko kumbukumbu ya jioni mbaya.

Na nikuulize jambo ambalo hukuliuliza: wewe ukishinda, unashindaje? Anayeongoza akianza kugeuza askari watatu kuwa malkia badala ya kumaliza, akituma vikaragosi, akiandika "mechi nzuri" kabla mechi haijaisha, au akibonyeza kile kitufe cha kumwongezea mpinzani sekunde kama sadaka, anatafuta alichokipata. Malkia wengi pia ndio njia fupi ya kuangukia mkwamo. Mati ya haraka ndiyo adabu kwa aliyeshindwa. Marudiano nayo si deni. Ukitaka kuondoka, ondoka.

Kuna wakati mipangilio ya programu haitoshi. Mtu akikutishia maisha, akikutafuta kwenye mitandao mingine, au akidai fedha, hapo si suala la mchezo tena. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na maneno yenyewe kabla ya kumzuia, hifadhi kiungo cha mechi, na upeleke polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018. Na kama hasira ni zako, unarusha simu, unacheza hadi saa nane usiku kulipiza pointi, unawafokea wa nyumbani, jiwekee kikomo: ukipoteza mbili mfululizo, unafunga hadi kesho. Kikomo hicho kikikushinda wiki baada ya wiki, ongea na mshauri nasaha. Tafuta pia klabu ya sataranji mjini kwako kupitia chama cha nchi. Mkicheza ana kwa ana mnapeana mikono kabla na baada, na mwamuzi yuko hatua tano kutoka mezani.

Kwa kijana wako usisubiri tukio. Lichess ina hali ya watoto inayofunga mawasiliano yote na wageni. Iwashe kwenye akaunti yake na nenosiri likae kwako. Njia nyingine ni ChessKid, tovuti ya familia ya Chess.com iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Jina la akaunti lisiwe na jina lake halisi, shule wala mwaka wa kuzaliwa. Acheze sebuleni, si chumbani na mlango umefungwa. Mwambie mapema jambo moja kwa maneno mepesi: mpinzani yeyote anayetaka kuhamia WhatsApp, anayeomba picha au anayesema "usimwambie mzazi", analetwa kwako siku hiyohiyo, na hatanyang'anywa simu kwa kusema. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu watoto wengi hunyamaza wakiogopa kunyang'anywa. Likitokea, Kenya na Tanzania zote zina huduma ya simu kwa watoto kwa namba 116, bila malipo, na mzazi naye anaweza kupiga.